Aliyezima Sinema ya Krismasi

Ninaikumbuka Krismasi moja, mwanangu, nikiwa bado msichana wa kutumwa maji mtoni, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya. Kaka yangu Gichuki alikuwa amekaa nyuma ya jikoni akipiga kinanda chake cha kuvuta, kile cha kuchezea mwomboko. Mama alikuwa anaponda irio za viazi na mahindi huku mabega yake yakicheza, na mimi sikuwa nimewahi kumwona mama akicheza. Baba akarudi kutoka kanisani, Biblia kwapani. Hakuuliza neno. Alichukua panga akakipasua kile kinanda mbele yetu, kwa sababu mwomboko ulikuwa ngoma ya walevi na yeye alikuwa mzee wa kanisa.

Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa anaota jua mlangoni. Hakuinua sauti. Alimwambia, "Wewe umekuta watu wako wamefurahi nyumbani kwako, ukawafanyia kama umekuta mwizi. Sasa kaa na nyumba imenyamaza, tuone kama utaipenda."

Baada ya sikukuu Gichuki alikwenda Wang'uru kulima mpunga, akaoa huko, akazeekea huko. Alipokuja kututembelea, yeye na baba waliongea habari za mvua, na mvua ikiisha waliongea habari za ng'ombe. Mpaka baba anazikwa hawakuwa wameongea kitu kingine.

Sikutaka kumsema baba. Amelala, na alale. Ninakueleza haya kwa sababu Krismasi iliyopita nilimwona tena amesimama sebuleni kwangu hapa Ruring'u, Nyeri, na safari hii amevaa jinzi na ameshika funguo za gari.

Nieleze vizuri. Mwanangu wa pili anaitwa Mwangi, jina la baba yangu, maana kwetu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba ya mama yake. Naye Mwangi msichana wake wa kwanza ni Wairimu, jina langu mimi, maana msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Hata hungemsikia akimwita binti yake kwa jina alipokuwa mdogo, alimwita "mami." Huyo Wairimu sasa ni msichana mkubwa wa sekondari. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya shule, na si wa kujaza mstari, alikuwa ndiye anayeanzisha. Alipoanguka hesabu, Mwangi alimtoa kwenye kwaya. Tangu siku hiyo hungemsikia akiimba hata akifua nguo. Mimi nilinyamaza, nikasema ni mtoto wake, atajua.

Basi ilikuwa alasiri ya Krismasi, tumeshakula, vyombo havijaoshwa, na kwenye runinga ikaanza sinema. Zile za Krismasi zinazotengenezewa runinga, zisizofika hata kwenye jumba la sinema. Mimi nazipenda. Nasema wazi kwa sababu kuna watu wazima wanazitazama wamejificha, ukiingia wanajidai wanatafuta habari. Unajua toka mwanzo itakavyoisha, na raha yake ndiyo hiyo. Theluji yao inaonekana ni povu la sabuni. Sisi tunaoamka na kuona theluji ya kweli mlimani hatudanganyiki, lakini hatukukaa pale kukagua theluji.

Katika hii kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akipiga piano, akafiwa na mke, akaifunika piano na shuka. Watoto wake wakaja nyumbani kwa Krismasi. Kiingereza chao kinakimbia, kwa hivyo Wairimu alikuwa ananieleza.

"Cucu, huyo ni kijana yake wa kwanza. Hawaongeleshani na dada yake."

"Wamekosania nini?"

"Nyumba ya mum yao. Mmoja anataka iuzwe."

"Kumbe hata huko kuna watu wa Nyeri," nikamwambia, na tukacheka sana.

Ikafika mahali yule msichana wa sinema anaondoa shuka juu ya piano na kuanza wimbo aliokuwa akiimba mama yao. Anaanza peke yake, kaka yake amempa mgongo. Mimi machozi yalikuwa yanatoka na sikuyapangusa. Halafu nikasikia sauti nyingine karibu na bega langu. Wairimu alikuwa ameushika ule wimbo. Maneno hakuyajua, alifuata sauti tu, taratibu, kisha akaachilia. Mwanangu, nywele za mikono zilinisimama. Mke wa Mwangi, Nyambura, alitoka jikoni akasimama mlangoni na sufuria mkononi, hakutaka hata kuiweka chini isije ikagonga.

Ndipo Mwangi akaingia.

"Wairimu! Funga hiyo mdomo. Ati siku hizi umekuwa msanii? Na ile hesabu ya D ni nani ataimba?" Akaniona. Akacheka. "Na wewe mum, unalia juu ya wazungu wa TV?"

Akachukua rimoti akaweka mpira.

Goti langu la kushoto halipendi kuinuka, lakini siku hiyo liliinuka. Nilimuuliza, "Mwangi, umeambia nani afunge mdomo?"

"Mum, naongea na mtoto."

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

Alijua vizuri anaitwa nani.

"Mum, si hiyo ni muvi tu."

Muvi tu! Mpira nao ni nini, si ni watu wazima wakifukuza ngozi? Na bado nimemwona akiruka juu ya kochi langu mpaka spring ikatoka. Mtu haulizwi anachofurahia kinamletea nini. Mwaka mzima tunawangoja hawa watoto wetu. Wanakuja siku moja, wanakaa wameinamia simu, kila mmoja kona yake, na wewe unaambiwa eti mmekuwa pamoja. Halafu kinatokea kitu kimoja, sinema ya bure, kinawafanya watu watatu wasikie jambo moja kwa wakati mmoja, na mtu anakizima kwa kidole akicheka. Nilimwambia hayo yote, na mengine ambayo sitayarudia hapa kwa sababu mimi bado ni mshirika kanisani.

Alichukua gari akaenda mjini. Nyambura alirudisha ile sinema upesi, akakuta matangazo ya mafuta ya kupikia. Ilikuwa imeisha. Mpaka leo sijui kama yule kaka aligeuka. Wairimu alikwenda kuosha vyombo, na sikusikia hata sahani.

Nikamwambia Nyambura, "Funga geti." Nikamwita na jirani yangu Wangeci, mjane mwenzangu, ambaye sauti yake inafika mpaka uwanja wa mpira.

Unajua desturi yetu ya mahari. Wageni wakija hawafunguliwi hivi hivi. Wanawake wa nje wanaimba gitiro, wanawake wa ndani wanajibu, na mpaka nyimbo zipatane, geti halifunguki. Mwangi aliporudi, jua bado liko juu ya miti, alipiga honi. Sisi tukaanza kumwimbia. Huyu anayebisha ni nani? Ametoka kwa nani? Amekuja kutafuta nini katika boma hili?

"Mum, fungua! Watu wanaangalia!"

"Wacha waangalie. Imba."

"Mimi sijui kuimba!"

"Basi hujui, na wanaojua unawanyamazisha!"

Akampigia mkewe simu. Simu ililia mfukoni mwa aproni ya Nyambura, akaitoa, akaitazama, akairudisha, na akaendelea kuimba. Siku hiyo nilimpenda huyo msichana kuliko siku ya harusi yake. Majirani walikuwa wametoka na viti. Mwangi alizima gari, akashuka, akashika vyuma vya geti, akaimba. Ulikuwa wimbo wa Sunday school, na Mungu amsamehe, hakupata hata noti moja. Lakini aliumaliza.

Sasa gitiro inadai jibu kutoka ndani. Wangeci alinitazama, nikatikisa kichwa. Jibu halikuwa letu. Wairimu alikuwa mlangoni, sahani inamdondokea maji miguuni, na sisi sote tulikuwa tunamngoja yeye.

"Mami," Mwangi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimeimba."

"Nimekusikia, daddy," Wairimu akasema. Akageuka, akarudi kwenye vyombo vyake.

Nikafungua geti mwenyewe. Ningefanya nini?

Wairimu huja kwangu kila likizo. Anaimba. Anaimba akichambua mchele, akioga, akilisha kuku, mpaka Wangeci anaimbia huko kwake kumjibu. Lakini siku baba yake akija kumchukua, akisikia tu gari linakata kona, anaacha katikati ya neno. Simwambii aache, na simwambii aendelee. Namtazama Mwangi akiteremka, akisimama kidogo nje ya mlango akisikiliza, na sisi ndani tumenyamaza. Halafu anaingia, ananiuliza kama mvua imenyesha.

Kwa hivyo nisikilize, wewe unayelea, na wewe utakayelea. Ukikuta mtu wako amefurahi, usimuulize sababu, na usiichunguze kama ina maana. Ikiwa ni sinema, mwambie asogee, ukae. Huipendi? Kaa hivyo hivyo, kula karanga, nyamaza. Hesabu itafundishwa Jumatatu. Na ukishakosea, usingoje mama yako akufungie geti. Omba msamaha siku hiyo hiyo, halafu usimdai mtoto akujibu upesi kwa sababu wewe umeona aibu mbele ya majirani. Atajibu siku yake, au hatajibu, na wewe utaendelea kumpenda katika kimya hicho.

Mungu akubariki, mwanangu, hata kama nimekufokea. Akupe mvua kwa wakati na chakula cha kubaki. Akupe nyumba yenye kelele, na gari lako likikata kona kurudi nyumbani, aliye ndani akiimba azidi kuimba.