Nilivyomkimbia Papa Mpaka Kwenye Boya

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla Solange hajawasimulia, maana yeye kila akisimulia anaongeza idadi ya watu waliokuwa ufukweni. Niliaibika, tena mchana kweupe, nikiwa na taiti na fulana iliyolowa.

Mimi ni mtu wa Tanga, na watu wakisikia Tanga wanajua ulizaliwa unaogelea, nami sikuwahi kumkatalia mtu. Ukweli ni kwamba marehemu mama alitutisha na bahari tangu wadogo, kwa hiyo mimi na maji mwisho wetu magotini. Sasa mwaka ule (kabla kila mtu hajawa na kamera kwenye simu) nilikuwa nimetoka Kokkari, mji mdogo wa ufukweni kwenye kisiwa cha Samos, Ugiriki, nilikokaa wiki mbili nikaupenda kama kwetu. Nimekaa saluni pale Porte de Namur, hapa Brussels, kichwa nusu kimesukwa, Solange akaniuliza kama niliogelea. Huyu Solange ni Mkongo wa Bukavu, tunatunza wazee pamoja kule Woluwe. Ningesema hapana, yangeisha. Nikasema niliogelea mpaka kwenye lile boya la njano, mwisho wa waogeleaji, nikaligusa, nikarudi. Saluni nzima ikageuka kunitazama, na utamu wa kutazamwa vile ndio ulioniponza.

Solange akasema basi mwakani twende wote, yeye na mumewe, Papa Dieudonné, wakaone kwa macho yao. Nikacheka nikidhani ni maneno ya saluni. Kufika Januari tiketi zimeshalipiwa, na mimi ndio kwanza najiandikisha masomo ya kuogelea kwenye bwawa la mtaani kwetu, darasa moja na vibibi saba vya Kibelgiji vyenye kofia za maua, ambavyo vyote vilinishinda. Kila Jumamosi nakunywa maji ya bwawa. Mpaka Mei nikawa navuka upande mmoja hadi wa pili, ila sikuthubutu kamwe kwenda pale ambapo miguu haigusi chini.

Tulipofika Kokkari nilisahau hofu yote. Kiria Eleni, mama mwenye nyumba, alinitambua kutoka mbali akanikumbatia, akanipa chumba kilekile, nami nikawa natembea na wageni wangu nikiwaonyesha mikate inauzwa wapi na paka gani ni wa nani. Nilifurahi mno. Asubuhi ya pili Solange akamweleza Kiria Eleni kwa ishara za mikono kwamba leo naenda kwenye boya. Yule mama, aliyeniona mwaka uliotangulia nikisimama magotini wiki mbili nzima, alinifichia siri (Mungu ampe umri mrefu).

Nikaingia. Polepole, kichwa juu, kama nilivyofundishwa. Nimefika katikati, chini hakuna pa kukanyaga, na najiona naweza kabisa, ndipo nikasikia sauti ya Solange kutoka ufukweni.

"Maman Rehema, papa iko nakuya nyuma yako! Angalia papa!"

Hapa lazima nieleze. Kwa Solange papa ni mume wake. Nimekaa Brussels miaka kumi na mbili, nawaamkia wazee wa Kikongo papa huyu papa yule kila siku, kwa hiyo hilo nalijua vizuri. Lakini mtu akiwa majini mpaka shingoni masikio yanarudi kwao, na kwetu Tanga papa ni samaki mwenye meno. (Niliyewahi kukutana naye ni mkavu, wa kupikwa na nazi, lakini nilijua ana wenzake walio hai.) Nikageuza shingo, bila miwani, nikaona kitu kikubwa kinanijia huku kinarusha maji.

Nilichofanya baada ya hapo sikufundishwa kule bwawani na vibibi vya Kibelgiji. Niliogelea kwa mikono, kwa miguu, nadhani hata kwa meno, huku napiga kelele kwa kila lugha niliyonayo: papa, shaki, requin. Huku nyuma watu wakatoka majini mbio, akina mama wamebeba watoto, mlinzi wa ufukwe anapuliza filimbi. Na Kiria Eleni naye akasikia neno la kwao, maana kwa Kigiriki papas ni padri, akaelewa kwamba mgeni wake anakufa na anaomba sala, akapanda mlima kumwita (hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mimi ni Mwislamu).

Boya nililigonga kwa uso. Nikalikumbatia, nikafumba macho, nikasubiri meno. Badala yake nikasikia mtu anahema. Alikuwa Papa Dieudonné kwenye kiboti cha kukanyaga kwa miguu, kamera mkononi, jasho linamtoka. Alikuwa amekikodi kwa siri ili anichukue video.

"Maman Rehema, uko fort sana," akasema, yaani nina nguvu kweli. "Donc hata ba-Grecs bote bamekuachia maji."

Mlinzi naye akafika na boti yake, akauliza papa ana ukubwa gani. Nikamwonyesha Papa Dieudonné. Mlinzi hakucheka. Wakanyoosha mikono wote wawili nipande, nami nikatazama ufukweni: watu wamejipanga ukingoni, na katikati yao padri kwenye kanzu nyeusi anajifuta jasho. Nilitamani kuzama. Halafu nikatazama mkono wangu, uko juu ya boya, na maneno niliyoyasema mwaka mzima yamekuwa kweli dakika ileile. Nikawaambia asanteni, nitarudi nilivyokuja.

Nikarudi, kiboti kulia, boti ya mlinzi kushoto, kama msafara wa rais. Nilipochoka nililala chali nikapumua, nikaendelea. Mguu ulipogusa mawe ufukwe mzima ulipiga makofi, na padri naye, nami nikawapungia mkono bila haya yoyote.

Solange alinifunika taulo huku analia kwa kicheko. Nikaona heri nimalize. Nikamwambia mwaka jana sikufika hata kiunoni.

Akauliza, "Donc leo njo mara ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Bon," akasema. "Uongo wako ulitangulia tu kufika."

Basi nimeapa mambo mawili: saluni nitasema lile nililokwisha kulifanya, na majini mume wa mtu aitwe kwa jina lake. Lakini boya nililigusa, jamani, kwa uso na kwa mikono yote miwili, na asiyeniamini akamuulize padri wao.