Kiti cha Nyuma cha Kombi

Mume wangu alipoileta ile Kombi nyumbani Mabatini, hapa Mwanza, majirani walitoka wote kuitazama. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anauza na kila mtu ananunua, na Mzungu mmoja aliyemaliza mradi wake alikuwa anauza vitu vyake mpaka neti. Wenzetu walinunua friji. Wa kwangu, karani wa kiwanda cha minofu ya samaki, alinunua gari lenye jiko, kabati, mapazia ya maua, na kiti cha nyuma ambacho ukikivuta kinalala na kuwa kitanda cha watu wawili. "Jirani kajenga," wakasema, "tena kajenga nyumba yenye gia." Yeye akapiga honi. Mimi nikaingia ndani, maana sipendi kuchekwa, hata na watu ninaowapenda.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mimi mwalimu nikapata likizo na yeye akaomba ya kwake. Mpango ulikuwa tufuate ziwa mpaka Musoma, halafu Tarime, tulale popote giza litakapotukuta. Tulishaijaribu kule Ilemela, ufukweni, na siwezi kusema uongo, tulilala vizuri.

Wiki hiyohiyo mama yangu alitoka hospitali. Alikuwa amekuja Mwanza kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja, na daktari alinishika mkono akaniambia jicho hilo lisiingie vumbi hata kidogo, likiharibika ndiyo basi. Kutoka Mwanza mpaka kwetu Majita kwa basi, na madirisha yale yasiyofungika, ni kumpeleka mtu akaoge vumbi. Mume wangu mwenyewe akasema, "Mama tutampeleka sisi, tufunge vioo, afike salama." Nilimpenda sana siku hiyo.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Hawali pamoja. Hawapeani mkono. Wakiwa na neno, linapita kwangu hata kama wamesimama hatua mbili. Na kitanda cha mkwe, mama mkwe hakioni kwa macho, sembuse kukikalia. Hayo yote nayajua tangu utoto. Lakini mchana kile kilikuwa kiti, kimesimama wima kama kiti chochote, na akilini mwangu kilikuwa kiti. Nikakitandika kanga safi, nikamkalisha mama, nikakaa pembeni yake.

Alifurahi jamani. Injini ya Kombi iko nyuma, kwa hiyo pale kwenye kiti panapata joto. Tulipopita Magu akasema, "Mwambie mkwe wangu kiti chake kina joto zuri, mgongo umeacha kuuma." Mume wangu akanitazama kwenye kioo cha dereva, akajibu, "Mwambie mama ashukuriwe Mungu." Nikawafikishia wote wawili, kama redio.

Bunda injini ikaanza kunuka. Tukasimama ipoe, na mimi nikamshika mama mkono kumpeleka uani kwenye hoteli moja. Watu wa Bunda, wema wao, wakaja na dumu la maji wakitafuta rejeta. Gari halina rejeta! Mume wangu akawaeleza kwamba hii inapozwa na upepo. "Gari lisilokunywa maji," akasema mmoja, "litakufa na kiu kabla ya Musoma." Wakacheka. Na mume wangu akichekwa, lazima aonyeshe kitu. Akaonyesha jiko. Akaonyesha kabati. Tuliporudi, mama na mimi, mlango mkubwa ulikuwa wazi, kanga yangu iko chini, kiti kimelala na mto wetu juu yake, naye anawaambia, "Na hapa ndipo tunapolala mimi na mama watoto."

Mama alikuwa na bandeji kwenye jicho moja tu. Akasimama. Mume wangu akamwona, mdomo ukabaki wazi. Mzee mmoja pale akaelewa upesi kuliko sisi, akasema, "Haya, tawanyikeni, mtu yuko na mkwe wake hapa." Mama akavuta kanga akajifunika uso, akageuka akatazama ukuta wa hoteli.

"Mama, ni kiti tu," nikamwambia.

"Kiti kinalaliwa?"

Nikaokota kanga yangu chini, nikaikung'uta.

"Tangu asubuhi nimekaa wapi, mwanangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwomba akae mbele. Mbele ni bega kwa bega na mkwe, kwake ni yaleyale. Nikataka mume wangu apande basi. Gari ataliendesha nani, mimi sijui hata klachi. Kulikuwa na lori la mnunuzi mmoja wa pamba, wale wa binafsi walioruhusiwa juzijuzi, linaelekea Majita na magunia matupu. Mbele limejaa. Mama akasema atapanda nyuma. Nikamkumbusha jicho, nikamkumbusha daktari, nikalia mbele za watu. Wapi! Wapakizi wawili wakambeba, mmoja kwapani, mmoja miguuni. Nilipoanza kupanda nimfuate, akaniambia taratibu, "Wewe kaa na mumeo. Kitanda chenu kisibaki peke yake."

Tukalifuata lile lori kwenye barabara ya vumbi, na sisi tumefunga vioo vyote. Tungeweza kulipita, lakini tungelipita, vumbi letu lingemwendea yeye. Kwa hiyo tukabaki nyuma, tunamwona juu ya magunia, mgongo kwetu, kanga usoni. "Nilijisahau," akasema mume wangu. Nikamfokea kwamba mdomo wake ni honi. Halafu nikaona aibu hata ya hilo, maana kanga niliitandika mimi.

Nyumbani Majita, vigelegele. Mama akashuka mwekundu kwa vumbi mpaka kope, na mama zangu wadogo walipomuuliza, akasema, "Mkwe wangu kanileta vizuri sana. Hili lori nimepanda hapo njiani tu, nisalimiane na watu." Wakamsifu mume wangu mpaka akaloa jasho. Wakataka kuona ndani ya gari. Akaegemea mlango akasema kitasa kimegoma.

Mimi nilimwingiza mama chumbani, nikafungua bandeji. Ilikuwa nyekundu kwa udongo. Nikaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikimuuliza kama linauma, linauma wapi, linaona mwanga.

"Hilo linaona," akasema. "Hilo halina neno." Akafumba lile lingine, zima, akaliwekea kiganja. "Nioshee hili lililoona kitanda."