Mume Aliyepauka Kwenye Skrini

Kazi ya Mama Vipimo ilikuwa kuhakikisha kwamba rangi inayoonekana kwenye kompyuta za kiwanda cha uchapaji ndiyo itakayotoka kwenye karatasi. Macho ya binadamu, alipenda kusema, hayana adabu, yanaona yanachotaka. Yeye aliamini vipimo.

Mumewe alikuwa kazini ng'ambo, na miaka ilikuwa inakatika. Alimkumbuka hata akipiga pasi. Aliponunua kompyuta mpya ili wazungumze wakionana, akamkuta amepauka, uso umeingia manjano.

"Baba watoto, unaumwa?"

Mume akasita. "Kidogo tu. Nikipona nakuja."

Mama Vipimo hakukurupuka. Alileta kipimo chake kidogo kutoka kazini, akakibandika kwenye skrini. Kikasema rangi ziko sawa. Basi mgonjwa ni mume! Akamsamehe kila likizo aliyoshindwa kuja, maana ugonjwa haupigi hodi.

Siku moja alimsimulia mwenzake wa kazini waliyemwita Miwani. Miwani akacheka mpaka akaivua ile miwani yake.

"Dada, unapima skrini mpya kwa kidude kile? Kile kinachungulia mwanga kupitia vichujio vitatu tu, tena vya kufaa skrini za zamani. Mwanga wa hizi za sasa kinabahatisha. Chukua hiki kikubwa. Kinaupasua mwanga kama upinde wa mvua, kinapima kila ukanda. Ni kizito, ni kivivu, lakini hakidanganyi."

Mama Vipimo aliona haya. Somo hilo mwenyewe ndiye huwafundisha wageni wa kazi, lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi. Njiani kurudi nyumbani na kipimo kikubwa, miguu ilikuwa miepesi. Pengine mume ni mzima!

Kipimo kikubwa kilichukua muda wake, kisha kikatoa jibu: skrini ilikuwa na manjano tangu dukani. Akairekebisha, akajipaka mafuta usoni, akapiga.

Mume akatokea anang'aa, mashavu yamejaa, na weusi wake ule ule aliokuwa akiuota. Mama Vipimo alifurahi hadi machozi yakamtoka.

"Mume wangu! Unajisikiaje leo?"

Mume akashika kifua, akakohoa kidogo. "Bado, mke wangu. Bado naumwa. Nikipona nakuja."

Akalitazama lile shavu lililonona. Alitamani kuligusa. Alitamani zaidi skrini yake ya jana.

"Ugua pole, baba watoto," akasema.