Mduara Usikae Makalioni

Mama mdogo alishuka kwenye basi la Inyonga, akaja moja kwa moja kwenye fremu yangu ya kushonea hapa Makanyagio, akaweka kitenge juu ya cherehani na kunipa sharti moja tu: "Mduara usikae makalioni."

Jumamosi ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake wa kwanza anayeolewa, na kile kilikuwa kipande cha mwisho dukani. Nikikosea mkasi, hakuna kingine.

Kushona nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa kufumua magauni ya mama yangu, kwa hiyo kitambaa chochote kipya kinanitoa jasho viganjani. Hiki kilinizidi. Hakikuwa na ua wala ndege. Kilikuwa na miduara mikubwa ya rangi ya matofali, hakuna hata mmoja uliokaa sawasawa, kana kwamba aliyeichora alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda. Kando yake pembetatu za njano na za bluu, na mistari myeusi iliyoanza vizuri halafu ikakata tamaa. Nikakitundika ukutani nijue juu ni wapi. Nikakigeuza. Kikawa vilevile.

Nilivyozidi kukitazama ndivyo nilivyozidi kuhangaika. Njano ilikuwa imevuka mstari mweusi, kiasi cha unene wa ukucha. Bluu ilipopita juu ya njano ilizaa kijani ambacho hakuna aliyekiomba. Nikaanza kukipenda kile kijani, na hapo ndipo nilipochelewa kabisa.

Jirani yangu, mama muuza asali, alichungulia. "Hayo ni mafigo."

"Ni maumbo tu, mama."

"Maumbo ya mafigo."

Mama mdogo aliporudi kupima, alikuta kitenge bado kiko ukutani.

"Mwanangu, mimi nataka nikivae, wewe unakisoma?"

"Natafuta juu yake, mama."

"Juu ni kitakapokuwa kichwa changu. Kata."

Nikakata, nikashona blauzi na sketi. Makalio yakasalimika, kifua kikasalimika, tumbo pia. Nilijipongeza mpaka Ijumaa nilipomvalisha. Sketi ilikuwa na mpasuo kwenye paja, na huko ndiko mduara mmoja ulikokimbilia: nusu upande huu, nusu upande ule, na moja imepanda juu kuliko mwenzake. Nikapiga magoti na wembe wangu.

"Vua, mama. Nafumua yote."

"Hufumui kitu. Nakujua wewe, utanirudishia Pasaka."

Machozi yalikuwa yananilenga. Muuza asali akaingia bila kuitwa, akamzunguka mama mdogo kama anayenunua ng'ombe.

"Dada, hebu shika kiuno. Kunja goti hilo. Toa nyonga."

Mama mdogo akatoa nyonga. Mpasuo ukateleza, nusu mbili zikakutana, mduara ukawa mmoja.

"Basi nitasimama hivi," akasema.

Na kweli Jumamosi alisimama hivyo. Kwenye picha zote, kwenye keki, hata wakati wa sala. Upande wa bwana harusi wakanong'ona kwamba mama wa binti ana maringo. Mimi sikugusa pilau langu. Nilikuwa nalinda lile goti kwa macho. Kisha binti akamwangukia mama yake kifuani akilia, na mama mdogo akasahau kila kitu, akanyoosha miguu yote miwili ampokee. Mduara ukakatika katikati mbele ya ukumbi mzima. Nilikuwa nimeshanyanyuka kitini, pini mkononi. Nikaketi.