Siku Niliyokataa Kurudishwa Darasa la Nne

Nikienda Wandegeya kuchapisha kazi za shule, kwenye vile viduka ambavyo mashine zake hunguruma mlangoni mchana kutwa, huwa naichukua karatasi ikiwa bado ya moto na kuinusa. Wenzangu hunicheka. Wanadhani napenda sana masomo. Nyinyi nitawaambia ukweli, kwa sababu hapa kwenye daftari sioni nyuso zenu, na nisipoona nyuso sishikwi na haya. Harufu ile ya wino uliopikwa inanirudisha kwenye mwezi tuliohamia Kampala, nikiwa na miaka tisa. Nikiinusa napandwa na hasira, ila ni hasira ambayo naipenda.

Tulitoka Arua. Mama ni polisi wa trafiki, na uhamisho wake ulikuja kama unavyowajia polisi wote: karatasi moja, mistari minne, uripoti Jumatatu. Baba alikuwa akiendesha lori la Juba na tulimwona mara chache, kwa hiyo kazi ya kuchagua tutakaa wapi na mimi nitasoma wapi ilibaki kwa mama. Na kwa mama mdogo Rehema, ambaye hakuna aliyempa kazi hiyo.

Mama mdogo ndiye aliyetupokea, kwake Ggaba, karibu na soko la samaki. Anauza mukene, vile visamaki vidogo vya kuanika, na nyumba yake yote ilinuka mukene mpaka kwenye mito ya kulalia. Wiki ile ya kwanza nililala nikiota nakula. Mazungumzo yao yalikuwa yaleyale kila jioni. Mama alikuwa amepewa nyumba kwenye kambi ya polisi Nsambya, kibanda cha bati cha mviringo ambacho sisi watoto wa polisi tunakiita yunipoti, na nje tu ya uzio kulikuwa na shule. Mama mdogo alisema mtoto mwenye akili hapelekwi kambini. Kwenye barabara ya Ggaba kuna shule yenye tai, yenye basi dogo la njano, yenye bustani ambayo mtu haruhusiwi kuikanyaga. Na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha kupanga, mlango wa kijani, mti wa parachichi dirishani. Alituonyesha ule mti mara tatu kana kwamba tutasomeshwa na huo mti.

Mama hakubishana naye. Ana kanuni moja ya kazi ambayo nimeisikia tangu nikiwa mgongoni: angalia kwanza, andika, halafu ndipo uongee. Kwa hiyo aliamua kuzilinda shule zile mbili. Nasema kuzilinda, kama polisi anavyolinda nyumba ya mshukiwa. Siku tatu kila moja, akitoka zamu, alisimama ng'ambo ya barabara saa ya watoto kutoka na akaandika. Geti limefunguliwa saa ngapi. Watoto wanatoka wakicheka au wamenyamaza. Nani amebaki wa mwisho, na nani amebaki naye. Mara mbili alinichukua niende naye, na mimi nikasimama nyuma ya sketi yake nyeupe kama kawaida yangu, nikihesabu soksi zilizoteremka.

Shule ya karibu na kambi ilipata maneno mabaya. Vumbi, kelele, watoto wanaruka kama panzi, mmoja amepanda ukuta. Shule ya barabara ya Ggaba ilipata ukurasa mzuri ajabu. Watoto walitoka kwa mstari. Basi la njano lilichukua watoto kumi na wanne, kila mmoja na kiti chake, likaenda, likarudi, likachukua wengine. Mlinzi wa geti alimpigia mama saluti. Mama aliporudi nyumbani alisema sentensi moja tu, kwamba shule inayojaza basi vizuri itamjaza mtoto vizuri, na mama mdogo akapika kuku.

Basi nikatayarishwa kwa intavyu, mtihani wa kuingilia shule. Mama alinipeleka Wandegeya kununua mitihani ya zamani, rundo zima, bado ya moto, na mimi nikaibeba kifuani ndani ya takisi kama mtoto mchanga. Nilifanya yote. Niliifanya tena kwa penseli nyingine. Msinione mtu wa kujisifu. Kuongea mbele za watu siwezi mpaka leo, lakini mnipe karatasi na mniache peke yangu, mtaona.

Siku ya intavyu karatasi niliimaliza mapema. Kisha mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye manukato na miwani ya mnyororo, akaniuliza kwa Kiingereza jina langu, nimetoka wapi, napenda nini. Sikujibu. Majibu nilikuwa nayo yote matatu, yamekaa nyuma ya meno, lakini hayakutoka. Baada ya siku mbili akampigia mama simu: mtoto amekubaliwa, ila arudie darasa la nne, kwa sababu wanaotoka huko mikoani huwa wako nyuma.

Darasa la nne nilikuwa nimelimaliza. Nilikuwa wa tatu darasani. Nikamwangalia mama nikingoja aseme kitu. Akasema, "Ndiyo, madamu," akakata simu, akaendelea kupiga pasi. Kule kazini mkubwa akisema, unaitika, halafu unalia kwako. Mimi sikulia.

Siku ile mama alikuwa na mapumziko, akavaa kitenge chake cha maua. Tulifika getini tumebeba vitu vyote vya kwenye orodha: fagio mbili, rimu ya karatasi, karatasi za chooni, sanduku. Mlinzi hakupiga saluti. Alimwambia mama asogee, anaziba njia. Halafu basi la njano likaja.

Sijui niwaelezeje. Dereva alikuwa na watoto watatu kando yake na mmoja mapajani. Nyuma walikuwa wamepangwa kama mukene kwenye gunia, na msichana mmoja shavu lake lilikuwa limebandikwa kwenye kioo, jicho moja linatuangalia. Walishuka, wakashuka, wakashuka. Mama alisimama na zile fagio mkononi. Nilimwona akielewa. Siku zote tatu alisimama ng'ambo ya barabara ile akiwa na nguo nyeupe za trafiki na kofia, akaandika kwenye daftari, na hakuwahi hata dakika moja kufikiri kwamba wao nao wanamwona. Polisi mzima.

Lakini hakugeuka kurudi. Tulikuwa tumeshafika. Aliingia ofisini kusaini, na mimi nikaambiwa niende darasa la nne, mlango wa kushoto.

Nikaenda mlango wa kulia, wa darasa la tano.

Sikuwa nimepanga, nawaapia. Miguu ilikwenda. Nilikaa dawati la pili kutoka nyuma, nikaweka mikono juu yake, nikaangalia ubao. Mwalimu aliniuliza mimi ni nani. Kimya. Akaniambia nitoke. Kimya. Watoto waliokuwa wamemwona mama na kusikia Kiswahili chetu pale getini, ambacho Kampala wengi hukiona lugha ya askari, walianza. Msichana wa mbele alisema Waswahili wamekuja kutukamata, mwingine akamwambia aniitikie "ndiyo afande", na darasa zima likacheka. Masikio yaliniwaka moto. Nililishika dawati kwa chini, pale palipo na chingamu za watu, na sikulegeza.

Mwalimu mkuu akaja, na mama nyuma yake.

"Zamzam," mama alisema, kwa Kiswahili, taratibu. "Toka, mwanangu. Tusiaibishane."

Na hapo sauti ikatoka. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Darasa la nne nimelimaliza, mama. Waombe karatasi yangu."

Hakuna aliyecheka. Mama akaiomba ile karatasi. Mwalimu mkuu alieleza kwamba karatasi za intavyu ni mali ya shule, hazionyeshwi wazazi, huo ndio utaratibu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akahamisha zile fagio mkono mwingine, na ingawa alikuwa kwenye kitenge, niliona mabega yake yakivaa nguo za kazi.

"Madamu," alisema, "mimi nimekaa barabarani miaka kumi na moja. Mtu akikataa kunionyesha karatasi, tayari najua iko namna gani. Sasa naiomba mara ya pili."

Karatasi ilikuja. Ilikuwa na themanini na tatu kwa kalamu nyekundu, na pembeni mtu alikuwa ameandika kwamba mtoto haongei. Hiyo tu. Kwa hiyo mwaka mzima wa maisha yangu ulikuwa unachukuliwa kwa sababu ya kunyamaza. Mwalimu mkuu aliisoma, akasafisha miwani, akasema basi, kwa heshima ya mama, nikae palepale darasa la tano.

Mama akainama mpaka uso wake ukafika kwangu na akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza mwezi mzima, wala yeye, wala mama mdogo na parachichi lake. "Unataka kusoma hapa?"

Nikasema sitaki. Nikasema nataka ile ya mtoto aliyepanda ukuta.

Tuliondoka na fagio zetu. Mama mdogo hakuongea nasi mpaka mwezi ulipoisha. Tulihamia Nsambya, kwenye yunipoti inayochemka mchana na kupiga ngoma mvua ikinyesha, na darasa la tano nikalisoma nimebanwa kwenye benchi kati ya mtoto wa sajini na mtoto wa muuza mkaa, watu ambao hawakushangaa Kiswahili changu wala kimya changu. Nilijiona mshindi. Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kichwani kama habari ya mimi na ile shule.

Juzi juzi, tukianua nguo, mama alinisimulia bila kuulizwa kwamba yeye naye alizaliwa kwenye kambi ya polisi, baba yake akiwa askari. Babu alipofariki, familia yao ilipewa siku chache iondoke, vitanda vikawekwa nje, na majirani walewale waliokula nao wakapita wakiangalia pembeni. Alijiapia kwamba mtoto wake atakua nyuma ya mlango ambao serikali haina ufunguo wake. Chumba cha Ggaba alikuwa amekilipia tayari. Alikuwa amenunua hata pazia.

Kumbe yule mtu niliyemshinda siku ile hakuwa na miwani ya mnyororo.

Mara nyingine nafikiri nimwombe mama msamaha. Lakini sijutii hata kidogo. Ningeingia tena mlango wa kulia kesho asubuhi. Na mama ni polisi. Nikisema samahani, atanitazama mara moja tu, na atajua nadanganya.