Shikamoo Mbele ya Bunduki

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, kule kwetu Nyanda za Juu, nilipoamka nikakuta bonde lote limejaa mahema meupe. Jana yake palikuwa na nyasi tu na ng'ombe wa shangazi yangu. Nilisimama mlangoni na shuka mabegani, nikasikia tarumbeta ikilia mahali nisipopaona, sauti ikija na kupotea ndani ya ukungu, na kwa kitambo nilidhani bado niko usingizini.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Leo niko hapa La Rochelle, mtaa wa jiji la kusini kabisa mwa bara letu, kwenye ngazi za fleti ya mama yako, naota jua la Julai, na bado tarumbeta ile naisikia. Uzee una mambo yake. Jina la dawa ninayomeza kila siku linanipotea, lakini harufu ya maua ya pareto yaliyolowa umande sijaisahau. Kwa hiyo kaa kidogo, Sibu. Koti lako la doria ya mtaa halitakimbia. Najua Kiswahili changu unakisikia vizuri, hata kama unanijibu kwa Kizulu na kuniita gogo badala ya bibi.

Wale waliokuja bondeni walikuwa askari wa kujitolea. Hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa Wazungu wa kawaida wa wilaya yetu, wenye mashamba ya chai na pareto, karani wa benki, fundi wa magari. Serikali ya Mwingereza iliwapa bunduki na kofia, na kila mwaka, mavuno yakiisha, waliacha shughuli zao wakaja kukaa kambini wiki mbili wakijifunza vita. Asubuhi walipiga gwaride. Mchana walilenga shabaha upande wa kilimani, na jioni walivutana kamba na kuimba kando ya moto. Sisi vijana tulikaa juu ya mteremko tukiwatazama, kama watu walioingia kwenye ndoto ya mtu mwingine.

Siku ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa. Siku hiyo walijifunza kuzima ghasia, na ghasia zilihitaji watu. Msimamizi wa kambi, mtu wa kwetu, alipita nyumba kwa nyumba akitafuta vijana wa kuigiza waasi. Kazi yetu ilikuwa kushuka mteremko tukipiga kelele, fimbo mikononi. Filimbi ikilia, askari wanafyatua baruti tupu, nasi tunaanguka. Baadaye tunapewa chai ya maziwa na mkate wenye jemu. Nani wa umri wangu angekataa?

Shangazi Atupele, dada wa baba yangu aliyenilea, hakufurahi. Alikuwa anachambua maharage, akanitazama nikijifunga kanga kiunoni.

"Unakwenda kumfundisha mtu kukuua," alisema.

"Ni mchezo tu, shangazi. Bunduki hazina risasi."

"Mkono wake utajuaje? Mkono nao unajifunza kile kile." Akarudi kwenye maharage yake, kisha akaongeza, "Haya, nenda. Ila ukifika mbele yao, watazame usoni."

Ukungu ulikuwa haujapanda tulipoanza kushuka. Majani yalitulowesha mpaka magotini, na kelele zetu zilimezwa zikiwa karibu na midomo. Kisha mstari wa askari ukatokea mbele yetu, bega kwa bega, nyuso zote sawa chini ya kofia. Nikakumbuka maneno ya shangazi, nikatazama. Aliyesimama mbele yangu alikuwa Bwana Kwinini.

Jina lake halisi lilitushinda kutamka. Alikuwa mganga wa zahanati ya shamba la chai, mpole, mwenye mabega yaliyoinama, na tulimwita hivyo kwa sababu ya vidonge vichungu alivyotugawia. Mdogo wangu aliposhikwa na homa mbaya mwaka uliotangulia, Bwana Kwinini alikuja kwetu kwa miguu katika mvua, akakaa kando ya kitanda mpaka homa ikashuka. Kila nilipopeleka maziwa zahanati nilimwamkia, naye akaniitikia bila kuinua macho kutoka kwenye chupa zake.

Sasa alikuwa ameninyooshea bunduki. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakuniona. Niliogopa, mwanangu. Nilijua hakuna risasi, hata hivyo niliacha kupiga kelele nikasimama. Na kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na neno lingine sikuwa nalo, nikasema, "Shikamoo, Bwana Kwinini."

"Marahaba," akaitikia. "Mdogo wako hajambo?"

Ilimtoka kabla hajafikiri. Niliona uso wake ukimrudia, polepole, kama mtu anayeamshwa. Bunduki ikashuka. Filimbi ikalia, baruti ikapasuka pembeni, wenzangu wakajiangusha majanini, lakini mimi na yeye tukabaki tumesimama katikati ya moshi. Kijana aliyekuwa kushotoni kwangu alikuwa msaidizi wa yule fundi wa magari. Alipotuona, naye akainuka akamwamkia bosi wake, na fundi akamjibu huku anacheka kwa aibu. Mstari ukalegea. Watu waliokuwa maiti wakakaa na kuulizana habari za nyumbani na waliowaua.

Kapteni wao, mwenye shamba kubwa la chai, akaja mbio. Hakupiga kelele. Alimgeukia msimamizi akamwambia kwa Kiswahili chao cha mashambani, "Mwaka kesho lete watu ya mbali. Watu hapana jua sisi."

Mkate hatukupewa siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikamweleza shangazi kila kitu, na nilipofika kwenye maneno ya kapteni akaacha alichokuwa anafanya.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Hawawezi kufanya kazi ile kwa mtu wanayemjua. Usisahau."

Mwaka uliofuata malori yalileta vijana kutoka ng'ambo ya mto, nao walianguka vizuri kabisa. Bwana Kwinini hakuwemo kwenye mstari. Nilisikia Wazungu wenzake waliacha kumkaribisha kwenye klabu yao. Siku ile ya mazoezi nilimkuta zahanati peke yake, amefungua dirisha, milio ya baruti ikitufikia kwa mbali. Aliinua macho kabla sijamwamkia, akaniita kwa jina langu, akanivutia kiti. Tulikaa tukisikiliza mpaka ikaisha.

Sasa sikia kwa nini nakusimulia. Jumamosi nilikuona uwanjani na wenzako. Kiongozi wenu aliwafundisha kumzunguka mtu na kumlaza chini, na mmoja wenu aliigiza mgeni asiye na karatasi. Mlicheka sana. Mama Furaha, Mkongomani anayesuka nywele pale karibu na robot, zile taa za barabarani, alikuwa anapita. Alipowaona akavuka barabara kuwakwepa. Mwanamke huyu alikubeba mgongoni mama yako alipokuwa kazini. Hukumwona. Nilipokuuliza jioni ukaniambia, "Eish, gogo, ni mazoezi tu."

Sikukatazi doria. Wezi wapo, na mama yako anarudi kwa miguu kutoka kazini Rosettenville giza likiingia. Vaa koti lako. Lakini kabla hujalivaa tena, nenda ukakae na Mama Furaha, umuulize habari za Lubumbashi, umsikilize hata akirefusha. Mjue Mhabeshi mwenye kiduka cha spaza jina lake na la mwanawe. Mtu yeyote mtakayemsimamisha, anza wewe kumsalimu, kwa lugha yake ukiijua, na usubiri ajibu. Na siku kiongozi wenu akiwaambia msiulize jina la mtu, weka fimbo chini urudi nyumbani. Afadhali niambiwe umefukuzwa doria. Chakula chako utakikuta, nami sitakuuliza kitu.

Haya, nimemaliza. Inama nikushike kichwa. Mungu akulinde njiani na akurudishe mzima. Akupe majirani watakaokuombea mema usipokuwepo, na akuzeeshe kati ya watu wanaofurahi ukibisha hodi. Nenda, mwanangu. Mlango wa Mama Furaha uko wazi saa hizi.