Mguu wa Shangazi

Jina la Sikio fundi alijipa mwenyewe, na watu wakalikubali kwa sababu lilikuwa fupi kuliko sifa alizojimwagia. Aliapa kwamba anaweza kuwa kitandani, gari likapita barabarani, naye akakutajia plagi ya ngapi imekufa. Mchomeleaji wa banda la jirani alimwuliza siku moja ilikuwaje bomba la maji likapasuka nyumbani kwake wiki nzima bila yeye kulisikia. Sikio akajibu kwamba mabomba ni idara ya mke wake.

Usimcheke, kazi aliijua. Ila alikuwa na mtindo wake. Mteja akiingia gereji na kufungua mdomo, Sikio alimnyooshea kiganja kama trafiki. "Usiniambie! Ukiniambia utaniharibia." Hapo anafungua boneti, anasimika bisibisi ndefu juu ya injini, anaweka mpini sikioni na kufumba macho kama mtu anayepewa siri ya serikali. Kisha anatamka ugonjwa. Mara tisa kati ya kumi alipatia, na ile ya kumi aliisingizia petroli. Kuzungusha gari barabarani ili kulijaribu aliona ni kazi ya wanafunzi. Gari, kwa maneno yake, huongea kwa mbele. Aliyeshika usukani ni abiria tu.

Basi akaja shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mkunga mstaafu mwenye kijigari cheupe cha gia otomatiki na magoti yaliyokataa kazi kabla ya mwenyewe kustaafu. Gari lilikuwa na tabia mbaya. Likiwa mwendoni, tulivu. Likisimama kwenye taa, linaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, injini inakohoa, linazimika. Shangazi alilileta mara mbili, na mara zote mbili bisibisi ilisikia injini inayonguruma laini, ya kumlaza mtoto. Sikio akasafisha plagi, akabadilisha chujio la hewa, akafuta masizi kila alipoyaona. Wapi! Likitoka getini, homa palepale.

"Gari zima hili, Shangazi."

"Mwanangu, nikikanyaga breki linanipulizia miguuni. Fsss."

"Hiyo redio, Shangazi."

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini mdomo wa Sikio haukuwa na breki kabisa. Binamu yake, mtoto wa pekee wa Shangazi, mtu wa ofisi ya bima na mashati yaliyonyooka, alipompigia simu kuulizia gari la mama, Sikio alimjibu: "Zima kabisa, kaka. Labda tubadilishe mguu wa dereva!" Akacheka mpaka akapaliwa. Upande wa pili wa simu hakucheka mtu.

Wiki ile ile gari lilimzimikia Shangazi katikati ya mzunguko wa barabara, nyuma yake lori la mchanga linapiga honi. Binamu alipopata habari akaamua. Fundi akisema mara ya tatu kwamba gari ni zima, basi mama ndiye amechoka, na funguo atazichukua yeye. Angekuja gereji Jumamosi, saa kumi.

Jumamosi hiyo Shangazi alifika saa nne asubuhi. Alipofunga breki mbele ya banda, gari likatetemeka na kuzimika. Sikio alidhani amelizima mwenyewe.

"Mwanangu, nisikilize kabla hujachukua bisibisi yako," alisema, bado kashika usukani. "Leo ukisema gari zima, mimi ndio mbovu. Nitakaa ndani kama kabati. Na yule mwenzangu nani atamwosha?"

Sikio alimjua huyo mwenzake. Walisoma ukunga pamoja, na sasa amelala kitandani ng'ambo ya mji. Kila Jumanne na Ijumaa Shangazi huendesha hadi kwake, anamgeuza, anamwosha, anambadilishia mashuka, wanasengenya madaktari waliokwisha kufa. Kwa magoti yale, bila gari asingefika hata kona ya kwanza.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Sikio alifungua boneti bila mbwembwe. Shangazi akaliwasha tena, Sikio akasimika bisibisi na kusikiliza. Injini inanguruma laini. Akahamisha, akasikiliza tena. Laini. Jasho likamtoka shingoni. Akisema yale maneno mawili, gari zima, Shangazi atakaa kama kabati.

"Uliwahi kukaa hapa ninapokaa mimi?" Shangazi aliuliza.

"Sijawahi kuhitaji, Shangazi."

"Basi leo hitaji. Kaa. Fanya kama mimi nikiwa kwenye taa."

Shangazi akateremka, Sikio akajikunja ndani, magoti yakigusa usukani. Akaweka gia ya kwenda mbele na kukanyaga breki. Injini ikashuka, ikakohoa, kiti kikamtetemesha hadi meno, gari likazimika. Siku zote alisikiliza gari likiwa limeegeshwa, hakuna mguu wowote kwenye pedali.

Shangazi alikwisha kutoa kitu kwenye mkoba: kijitarumbeta cha mbao, kile cha wakunga cha kusikilizia mtoto tumboni, kimeng'aa kwa miaka thelathini ya viganja. Akainama mlangoni taratibu, magoti yakilalamika, akakisimamisha juu ya pedali, kwenye bati linalotenga miguu na injini, akaegemeza sikio.

"Washa. Kanyaga. Achia. Kanyaga tena. Taratibu basi, unaua mende?"

"Samahani, Shangazi."

"Hapa. Hapa panapumua."

Sikio alitoka kwenye gari kama aliyeungua. Upande wa pili wa bati lile kuna ngoma nyeusi ya chuma, busta ya breki, inayonyonya nguvu ya injini ili mguu usihangaike. Mpira wake wa ndani ukichanika, kila unapokanyaga breki injini inavuta hewa isiyoihitaji, inapaliwa. Akaubana kwa koleo mpira wa hewa unaotoka kwenye injini kwenda kwenye ngoma ile, akamwomba Shangazi akanyage. Pedali ikawa ngumu kama jiwe, lakini injini haikupepesa hata jicho.

"Nilikwambia fsss," alisema Shangazi.

"Uliniambia."

"Ukasema redio."

"Nilisema."

"Redio ya gari hili ilikufa mwaka juzi."

Kwenye banda la jirani kitu cha chuma kikaanguka chini, kikifuatiwa na kicheko cha mchomeleaji.

Nyuma ya gereji palikuwa na gari la aina ile ile, lililogongwa ubavuni. Sikio akatoa busta yake, akaifyonza hewa kwa mdomo na kuona haivuji, akalala chali chini ya usukani saa tatu nzima akiifunga, nje ikibaki miguu yake tu. Hakujisifu hata mara moja. Mchomeleaji alikuja mara mbili kuangalia kama anapumua. Kazi ilipoisha akaliendesha mwenyewe, mwanafunzi mzima, hadi kwenye taa na kurudi. Akasimama mara kumi na moja. Halikuzimika.

Saa kumi kamili binamu akafika, kiganja tayari kimenyooka kudai funguo.

"Haya fundi. Gari zima au bovu?"

Jibu la kujiokoa lilikuwa ulimini, tena tamu: kuna kitu kimepasuka leo leo, kaka, bahati nimekiwahi. Nani angejua? Shangazi alikuwa anapangusa kijitarumbeta chake kwa kitambaa. Hakumsaidia hata kwa kope.

"Lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza," alisema Sikio. "Mama alinionyesha ugonjwa, nikamcheka. Mguu wake hauna kosa. Lililokosea ni sikio langu."

Mchomeleaji alizima mashine yake. "Rudia hapo mwisho, jirani! Kulikuwa na kelele."

Sikio akarudia, kwa sauti.

Binamu alitazama kiganja chake, akakirudisha mfukoni. Shangazi akaingia kwenye gari, akaliwasha, akaendesha hadi getini, akakanyaga breki. Wakasubiri aondoke. Hakuondoka. Gari likanguruma palepale, tulivu, taa nyekundu za nyuma zikiwaka.

"Inatosha, Mama," binamu aliita. "Tumesikia."

Shangazi akatoa kichwa dirishani.

"Bado. Sogeeni karibu."

Nao wakasogea wote watatu, mchomeleaji akiwa kavua miwani yake ya kazi, wakasimama kando ya kijigari cheupe wakisikiliza, mpaka Shangazi mwenyewe alipoamua kuachia breki.